Asubuhi Tuliyopita Njia ya Juu

Buswelu, jioni ya kuamkia safari yako

Kemilembe mwanangu,

Umekwenda na mama yako kuaga kwa mama mdogo, na najua hawatawaachia mpaka mle. Nyumba imebaki yangu na sanduku lako limesimama sebuleni, limeshafungwa. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na namna ya kuishi na mganga mfawidhi, mama yako amezimaliza zote. Mimi sina la kuongeza hapo.

Kesho meli ikifika Nansio utakuwa muuguzi, na watu watakuja kukuambia mahali panapowauma. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Kuna jambo lilitupata mimi na wewe ulipokuwa na miaka saba. Hatujawahi kulizungumza, na sijui hata kama unalikumbuka. Nimejaribu kulisema mara nyingi. Kwa mdomo halitoki.

Siku hizo tulipanga Kirumba, juu kabisa mlimani, kati ya yale mawe. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikushika mkono tukateremka, nikakuacha shuleni, halafu nikaendelea Mwaloni kwenye karakana ya injini za mitumbwi. Njia zilikuwa mbili. Ya juu ilizunguka mgongo wa mlima na ilikuwa ndefu, haipitwi ila na wenye nyumba za huko. Ya chini ilishuka moja kwa moja. Tuliipita ya chini mwaka mzima na nusu, mpaka miguu yangu ikawa inajua kila jiwe bila mimi kutazama.

Katikati ya mteremko palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba, na juu yake nyumba ya Masanja, mnunuzi wa dagaa. Tulifahamiana kwa salamu za Mwaloni. Mtu mpole, hana makuu. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake ulikaa ukingoni kabisa mwa jiwe, na kwenye ukuta ule kulikuwa na kidirisha kimoja cha nondo, juu yetu kama urefu wa watu wawili. Kila tulipofika chini yake mkono ulitoka. Mkono mwembamba wa mzee, vidole vikifumba na kufumbua. Nami nilinyanyua wangu bila kusimama.

"Shikamoo bibi!"

Nawe nyuma yangu, kwa kile kisauti chako: "Shikamoo bibi!"

Sauti ikashuka: "Marahaba. Mwanangu. Mwanangu."

Siku zote mara mbili. Nilipenda hiyo salamu. Nilikuwa nimemwacha mama yangu mzazi Muleba, na kusikia mzee ananiita mwanangu kila asubuhi kulinipa moyo wa kufanya kazi.

Siku moja ukaniuliza, "Baba, kwa nini bibi anasema mlango?"

"Hasemi mlango. Anasema mwanangu."

"Anasema mlango, baba."

"Ni Kiswahili cha wazee wa Kisukuma, Kemi. Kinawapiga chenga."

Mimi Mhaya, niliyefika Mwanza na Kiswahili changu cha kuungaunga, nikamcheka mzee wa watu. Na masikio yangu yalikuwa yameshaanza kufa kwa kelele za injini. Yako yalikuwa mapya. Uliniuliza tena kama mara mbili hivi, ukaona jibu ni lile lile, ukaacha.

Ikaja mvua ya siku mbili mfululizo. Maji yalishuka mlimani yakibeba mchanga, matofali, hata banda la kuku la jirani. Hatukutoka. Siku ya tatu asubuhi tuliteremka tukakuta jiwe limeporomoka na kuziba njia ya chini, na nyuma yake tope la kufika kiunoni. Nikakwambia, "Leo tupite juu."

Sikumbuki asubuhi nyingine iliyokuwa kimya namna ile. Ziwa halikuonekana, ukungu ulikuwa umelifunika. Pale ulipokatika ukungu niliona wale wadudu wa ziwani wameinuka, nguzo nyeusi zimesimama juu ya maji kama moshi wa kitu kinachoungua chini. Tulikuwa tunatembea kati ya mawe na sauti za viatu vyetu zilikuwa zinaturudia kutoka upande wa pili, kana kwamba kuna baba mwingine na mtoto mwingine wanatembea sambamba nasi. Uliniuliza ni nani hao. Nikakwambia ni mwangwi. Nilikuambia kweli mara hiyo moja.

Tukatokea kwenye ua wa nyumba nisiyoifahamu. Nakuambia ukweli, sikuitambua. Nilikuwa nimeipita kila siku ya kazi kwa mwaka na nusu, lakini nilikuwa najua mgongo wake tu. Jiko lilikuwa limezimwa, hakuna kuku hata mmoja. Nyumba yenyewe imefungwa. Na kando ya nyumba, kwenye chumba kilichoungwa upande wa ukingo, kulikuwa na mlango wa bati wenye kufuli kubwa kwa nje, na chini yake gogo limeegemezwa.

Kutoka nyuma ya ule mlango, mwanaume akasema, "Shikamoo bibi!"

Ilikuwa sauti yangu. Haikufanana nayo tu. Ulikuwa mkwaruzo wangu wenyewe, na ile haraka yangu ya mtu asiyetaka kusimama. Halafu kikaja kisauti chembamba cha mtoto: "Shikamoo bibi!" Halafu sauti ya mzee: "Marahaba. Mlango. Mlango." Kikapita kimya cha muda wa watu kushuka mteremko. Kisha ikaanza upya, mwanaume, mtoto, mzee.

Ukaning'ang'ania mkono mpaka kucha zikaniingia. Ukasema taratibu, "Baba, huyo ni mimi."

Leo naweza kukueleza kilichokuwa kinatokea, na hakina uchawi. Siku mbili za mvua hatukuwa tumepita. Asubuhi ile alikaa kwenye kidirisha chake, saa yetu ikafika, njia ikabaki tupu tena, akawa anatupitisha mwenyewe, akiziiga sauti zetu. Lakini pale uani sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba Masanja alikuwa amezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja, na kwamba Mwaloni watu walikuwa wakishusha sauti wakitaja macho mekundu ya mama yake, bibi huyo wa kidirishani, kwamba ni ya mchawi. Yale maneno nilikuwa nimeyasikia vipande vipande, nikajiambia hayanihusu. Mimi mtu wa kanisani, mwimbaji wa kwaya, nilisimama pale nikaamini kabisa kwamba kuna mtu ametuchukulia sauti zetu na amezifungia mle ndani.

Kufuli nililiona kwamba liko nje. Neno nililisikia, safari hii bila upepo wa ziwani, herufi kwa herufi. Sikugonga. Sikusema hata hodi. Nilikubeba ukiwa mkubwa wa kutobebwa, nikatembea karibu na kukimbia mpaka tulipoiona shule.

"Umesikia vibaya," nilikuambia. "Ile ni redio."

Ukafikiri kidogo. "Redio inajuaje sauti yangu?"

Nikakukataza usimwambie mama.

Ulimwambia. Ulikuwa mtoto mwenye akili. Jioni nilimkuta mama yako amekukalisha mapajani na uso wake umebadilika. "Mtoto anasema kwenye nyumba ya Masanja kuna mtu anaongea kwa sauti yake. Na wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote, na nimeishi miaka mingi nikitafuta namna ya kupaita jina jingine. Nilimwambia, "Mtoto ana homa. Tangu asubuhi anaweweseka."

Mama yako akakugusa shingo. Ulikuwa umelia, ulikuwa na joto la kulia. Akaenda duka la dawa akarudi na dozi ya mseto ya malaria. Akasaga vidonge kwenye kijiko, akatia sukari, ukakataa, akakubana pua ukameza. Mimi nilishika taa. Siku tatu, asubuhi na jioni, ulikunywa dawa chungu kwa sababu ulisikia kitu ambacho mimi pia nilikisikia. Hukuwa na homa, Kemilembe. Naandika hapa kwa mkono wangu ili uwe nayo kwenye karatasi: hukuwa na homa, na masikio yako hayakuwa na kosa lolote. Nisamehe.

Siku hizo nilikupeleka shule kwa kuzunguka barabara kubwa, mbali kabisa na mlima. Karakanani nilifunga injini moja mara tatu na kila mara ikabaki skrubu mkononi.

Asubuhi ya dozi ya mwisho ulipokea kijiko bila kubanwa. Ulikuwa umeshazoea. Ukakishika, ukanitazama mimi, si mama yako, ukauliza, "Nikimaliza hii, hatasema tena?"

Mama yako alisimama na bakuli mkononi. Aliniangalia kwa muda, na aliona. Alikichukua kile kijiko akakimwaga nje, kisha akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Nenda." Yeye ni Msukuma, alikuwa anajua vizuri kuliko mimi ni nini kinaweza kumpata bibi kizee aliyesemwa macho.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yule mama tuliyekuwa tukimwita Mama Stella. Nilimweleza yote, hata la homa. Alifunga kitenge kiunoni akasema, "Chukua nyundo na tindo." Tukapanda sisi wawili na kijana wake wa mgambo. Majirani walitoka wakasimama milangoni. Mmoja akasema kwa sauti ili tusikie, "Mkimfungulia, mtambeba nyinyi." Hakuna aliyeuliza tunakwenda kumfungulia nani.

Nyumba ilikuwa kimya kama siku ile. Safari hii kimya kilikuwa mle ndani pia. Nililiondoa gogo, nikaweka tindo, nikapiga. Kila pigo lilirudi kutoka kwenye mawe, na kwa kila pigo nilingoja mtu wa ndani anijibu kwa sauti yangu. Hakujibu.

Chumba kilikuwa kisafi kuliko nilivyotegemea. Mkeka, ndoo yenye kifuniko, nguo mbili zimekunjwa. Alikuwa amelala chini ya kidirisha, mkono mmoja bado umeshika kikombe cha bati. Mke wa Masanja, tuliambiwa baadaye, aliondoka kwenda msibani Magu alfajiri ile ile tuliyopita njia ya juu, akamwachia viazi vya siku moja akidhani kesho yake atakuwa amerudi. Mvua ikarudi, ikakata barabara. Masanja mwenyewe alikuwa visiwani. Bibi alikaa siku tatu kwa maji ya mvua aliyokinga kwa kikombe kupitia nondo. Ni siku tatu zile zile, mwanangu. Unazijua ni zipi.

Alikuwa hai. Mama Stella alimnyanyua kichwa, akampa maji kwa vidole. Alipopata nguvu kidogo akanitazama na sikuona dalili yoyote ya kunifahamu. Nikasema, "Shikamoo bibi." Akashtuka. Akanyoosha mkono akaashiria niiname. Nikainama. Akaniinamisha zaidi, mpaka utosi wangu ukawa mbele ya macho yake, akapapasa hapa nilipoanza kupata upara. Mimi nilikuwa sijui bado kwamba nina upara.

"Ndiye," akamwambia Mama Stella. Halafu akaniuliza, "Na yule mwenye kovu utosini, yuko wapi?"

Kovu lako la kuanguka kwenye jiwe, ambalo mimi niliyekushika mkono kila siku nilikuwa nimeshalisahau. Mwaka na nusu alitutazama kutoka juu. Hakuwahi kuziona nyuso zetu.

Na macho yake yalikuwa mekundu, ndiyo. Mekundu kama ya mama yangu Muleba, na kama ya mwanamke yeyote aliyepikia kuni miaka sitini.

Masanja alirudi siku ya pili yake akanikuta hospitalini tulikompeleka mama yake, kwenye benchi la nje. Nilifikiri atanipiga. Alikaa pembeni yangu, mtu mzima, akavua kofia.

"Nilimfungia wasije wakamkata," akasema. "Walishakuja mara moja. Nilikuwa nimesafiri, mke wangu akapiga kelele, wakakimbia. Ningefanyaje?"

"Ungemtoa. Ungempeleka mbali."

"Nilisema kesho. Kila siku nilisema kesho." Kisha akasema jambo ambalo bado ninalo. "Mlima mzima walikuwa wanajua. Waliacha njia ile ili wasimsikie. Wewe ndiye pekee uliyekuwa unapita unamsalimia. Alikuwa ananiambia kila jioni, kuna mtu mmoja mwema anapita na mtoto wake, huyo atanifungulia."

Niliinuka nikaenda kukaa kando ya kitanda cha mama yake.

Mama Stella alilifikisha jambo kwa watu wa ustawi wa jamii, na binti wa yule mzee akaja kutoka Sengerema kumchukua. Jina la bibi lilikuwa Nyamizi. Nililijua siku hiyo, likiandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Niliwasindikiza mpaka Kigongo, kwa kuwa wakati huo hakukuwa na daraja. Kwenye kivuko alikaa ameelekea maji, shuka limemfunika kichwa. Kabla hawajafunga geti nilisogea karibu yake nikamwambia kwamba nilikuwa nasikia vingine. Kwamba nilisikia mwanangu. Sijui kwa nini nilitaka ajue.

Akafikiri. Akasema, "Hata hilo lilikuwa jina zuri." Na kivuko kikaondoka.

Aliishi miaka mitatu kwa binti yake huko Busisi, ng'ambo ya kivuko. Nilisema nitakwenda kumwona. Sikwenda. Busisi iko pale, unaiona kwa macho kutoka Kigongo, na sikwenda. Masanja ndiye aliyenipa habari za msiba, tukiwa Mwaloni, katikati ya watu.

Wewe ulipona homa usiyokuwa nayo. Lakini baada ya hapo jambo lolote ulilosikia, ulilohofia au ulilopenda ulimpelekea mama yako. Ulipofeli hesabu, ulipompata yule rafiki aliyekuumiza, ulipochagua uuguzi, mimi nilizipata habari baadaye, mezani, kama mtu anayesomewa tangazo. Sikukulaumu hata siku moja. Nilijua tulipoachana.

Tangu siku ile siwezi kupita njia moja wiki nzima. Mama yako anadhani ni ukorofi wa miguu. Hata hapa Buswelu, ambako nyumba mpya zinaota kila mwezi na vichochoro vinahama, napita leo huku, kesho kule. Mara nyingi sioni kitu. Naona kuta, mbuzi, nguo za watu kwenye kamba. Naona nyumba ya mtu ninayemfahamu kutoka upande ambao hajaupaka rangi. Mara moja moja nasimama nasikiliza kisha naona aibu, naendelea. Sikuambii nawe ufanye hivyo. Nakuambia tu kwamba mimi ndivyo ninavyoishi, ili siku ukisikia watu wanasema baba yako anazurura, ujue.

Alhamisi iliyopita nilirudi kwa kupitia nyuma ya soko, njia ambayo sijawahi kuishika. Mbele yangu, kwenye genge la nyanya, binti mmoja alikuwa amechuchumaa amenipa mgongo. Alikuwa amemshika mwenye genge mguu, anatazama kidonda. Nilimsikia anauliza, "Inakuuma wapi?" Yule mama akaanza kueleza. Hakueleza habari ya mguu. Alianza na mume, akaja kwa shamba, akaja kwa mkwe, mambo ya mwaka mzima, na binti hakumkatiza. Alikuwa amekaa vile vile na ule mguu mkononi. Watu walikuwa wanawapita. Nikajiambia, huyu binti wa nani, aliyelelewa vizuri namna hii? Nikasimama nyuma ya lundo la matenga ili nisiwakatize, nikangoja mpaka yule mama alipofika mwisho na kusema mguu unauma hapa, kwenye mfupa.

Ukageuka kuchukua mkoba wako ukaniona. Ukacheka, "Baba! Huku umefuata nini?"

Nikakwambia napita tu. Tukarudi nyumbani tukizungumza habari za mvua.

Sikuwa napita tu, Kemilembe. Nilikuwa nimesimama pale muda mrefu, nimekutazama wakati wote huo, na sikuwa nimekutambua.

Baba yako